Posho ni ya kulala: safari ya kikazi ukitokea Arusha au Moshi

Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80. Kikao kikianza saa 3 asubuhi na kwisha saa 9 alasiri, gari linapita Usa River jua likiwa bado juu. Hata hivyo madokezo, yaani maombi ya idhini ya ndani ya ofisi, yanaandikwa kila mwaka kuomba usiku mmoja, pengine miwili, kwa safari hiyo hiyo. Mengine hupita. Mkaguzi akija anauliza jambo moja tu: ulilala wapi, na kwa nini?

Posho ya kujikimu hulipwa mtumishi anayelala nje ya kituo chake cha kazi kwa shughuli ya mwajiri. Kinachotazamwa ni kituo cha kazi, wala si mkoa. Afisa wa mkoa anayetoka Arusha mjini kwenda Loliondo hajavuka mpaka wa mkoa wake, lakini hakuna anayekwenda kule, akakagua mradi na kurudi siku hiyo hiyo kwa usalama. Usiku wake ni halali kabisa. Upande wa Moshi, Same ni kama kilomita 105 za lami. Kikao cha nusu siku huko hakimlazi mtu, ila ukaguzi wa shule tano za milimani unaweza kumlaza, mradi dokezo liseme hivyo tangu mwanzo.

Mikutano ya AICC, ukumbi wa mikutano ya kimataifa wa Arusha, ndiyo yenye manung'uniko mengi. Mgeni kutoka Mtwara analipwa kwa kila usiku, huku mtumishi wa Jiji la Arusha aliyeketi kiti cha pembeni yake akirudi kwake Sakina au Njiro jioni bila senti ya kulalia. Hajaonewa. Hajalala nje, basi.

Viwango vya sasa vya safari za ndani vilianza 1 Julai 2022. Kiwango cha chini kilipanda kutoka shilingi 80,000 hadi 100,000 kwa usiku, cha juu kutoka 120,000 hadi 250,000. Ngazi ya mshahara ndiyo inayoamua uko wapi hapo katikati, si ukubwa wa hoteli. Ukilala nyumba ya wageni ya bei rahisi, hakuna anayekudai chenji.

Makosa mengi huanzia kwenye hesabu. Chukua mkutano wa Dodoma wa Jumatatu hadi Jumatano. Unaondoka Arusha Jumapili asubuhi, unarudi Alhamisi. Siku ni tano, usiku ni minne: Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi unalala kwako. Kwa kiwango cha chini ni 4 mara 100,000, yaani shilingi 400,000. Dereva naye analala, kwa hiyo ana mstari wake. Kumsahau dereva kwenye dokezo ni kosa la kizembe linalogharimu, kwa sababu akishaondoka ni vigumu kumwombea fedha za usiku uliokwisha kupita.

Dokezo lenyewe litaje majina na vyeo vya wanaokwenda, mahali, barua ya mwaliko, tarehe ya kuondoka na ya kurudi, idadi ya usiku, aina ya usafiri, kasma (fungu la bajeti) itakayolipa, na nani anabaki ofisini. Kwenye halmashauri linapanda hadi kwa Mkurugenzi, kwenye sekretarieti ya mkoa kwa Katibu Tawala, maana hao ndio maafisa masuuli, yaani wenye dhamana ya fedha. Idhini itangulie safari. Dokezo lililosainiwa tarehe 14 kwa safari iliyoanza tarehe 12 halina dawa. Mhasibu anaweza kulihurumia, mkaguzi hawezi.

Hilo la nani anabaki lisichukuliwe kama mapambo. Mkuu wa idara akiondoka aache barua ya kukaimu yenye jina na tarehe. Kaimu wa mdomo akisaini malipo, hoja ya ukaguzi inaandikwa kwa jina lake, na aliyesafiri anakuwa ameshasahau kwamba alimwambia "nishikie ofisi".

Safari za viongozi zina ugonjwa wake: msafara unavimba. Mkuu wa wilaya au wa mkoa anahitaji dereva na mlinzi, hilo halina ubishi. Kuanzia mtu wa nne, kila mmoja aandikiwe sababu yake. "Kumsindikiza kiongozi" si sababu. "Kuwasilisha taarifa ya ujenzi wa zahanati" ni sababu, na akirudi aonyeshe kuwa aliiwasilisha.

Jambo jingine ni mwenyeji anayelipa. Mradi au taasisi ikigharamia chumba na chakula, mtumishi hachukui tena posho kamili kwa mwajiri. Mwaliko ukisema "gharama zote zitabebwa na waandaaji", sentensi hiyo ndiyo itakayosomwa na mkaguzi kabla ya kitu kingine chochote. Ukiwa na shaka, waandikie waandaaji waeleze kwa maandishi wanalipia nini hasa: chumba, chakula cha mchana pekee, au nauli.

Sasa gari. Arusha hadi Dodoma kupitia Babati na Kondoa ni kama kilomita 425. Kwenda na kurudi ni 850. Ongeza 60 za mizunguko ya mjini, jumla 910. Gari kubwa la dizeli linalokwenda kilomita 7 kwa lita litahitaji lita 130. Hapo ndipo wengi huandika 200 "kwa tahadhari", kisha kitabu cha safari cha gari kinawaumbua, kwa sababu dereva anajaza kilomita za kuanzia na za kumalizia. Ukigawa kilomita kwa lita ukapata 4 na nusu, ama gari ni bovu ama mafuta yameshuka mahali. Magari mengi hayachukui lita 130 kwa mkupuo, kwa hiyo panga sehemu ichukuliwe kituo cha GPSA (wakala wa ununuzi serikalini) Arusha na sehemu Dodoma.

Gari la Serikali lenye namba za STK, STL, SM au nyingine za jamii hiyo halitembei baada ya saa 12 jioni bila kibali. Ukitoka Dodoma saa 8 mchana huwezi kufika Arusha kwa wakati, hata dereva awe fundi namna gani. Toka asubuhi, au omba kibali cha usiku mapema. Abiria wasio kwenye dokezo wasipande. Na magunia ya mkaa ya njiani, kila mtu anajua habari yake.

Marejesho ya masurufu, yaani fedha uliyopewa kabla ya safari, ndipo safari inapofungwa. Hesabu siku 14 tangu uliporudi. Ambatisha dokezo lenye idhini, mwaliko, ripoti ya safari, tiketi ya mtandao kama ulipanda basi au bodingi pasi kama ulipanda ndege, na risiti za EFD (za mashine ya kodi) kwa kila ulichonunua. Bodingi pasi hupotea kuliko karatasi nyingine yoyote. Ipige picha ukiwa bado uwanja wa ndege wa KIA. Mkutano ukiisha siku moja kabla, fedha ya usiku usiolalwa inarudishwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, na stakabadhi yake iingie kwenye marejesho. Ukirefushwa, omba idhini ya nyongeza ungali huko huko. Usiporejesha, hupewi masurufu mengine, na deni linakatwa kwenye mshahara.

Kwa sisi tulio karibu na mpaka, kuna mtego mmoja. Namanga ni kama kilomita 110 kutoka Arusha, na Holili iko karibu zaidi kutoka Moshi. Kikao cha ujirani mwema kikifanyika Taveta, hiyo ni safari ya nje ya nchi hata kama utakula chakula cha mchana na kurudi. Tangu Rais Magufuli alipobana safari za nje mwishoni mwa 2015, kibali kimekuwa jambo lisilochezewa. Siku hizi kinaombwa kupitia mfumo wa e-Vibali, kinapita kwa msimamizi na mwajiri kabla ya kupanda juu. Ofisi moja ikichelewa kubofya, mkutano unapita. Kikao cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kikiwa makao makuu hapa Arusha hakikuhusu katika hili. Kikihamishiwa Nairobi, kinakuhusu.

Mtumishi aliye likizo naye anahitaji kibali akitaka kuvuka. Kama ni nyama choma tu, ya Longido haina tofauti na ya Kajiado.