Siku moja mwaloni, na binti yangu wa miezi 20

Saa 11 alfajiri
Boti za visiwani zimeshaanza kushusha magunia ya dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, na mnunuzi akichelewa anakuta mzigo mzuri umeshachukuliwa. Navaa gizani, polepole. Haisaidii. Binti yangu anashuka kitandani, anapotelea nyuma ya mlango, anarudi na ndala zangu, moja mkono huu na nyingine mkono ule. Anaziweka mbele ya miguu yangu, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, kisha anakwenda kuleta zake. Hajatamka neno, lakini nyumba nzima imeelewa kwamba tunaondoka wote wawili. Nikitoka peke yangu, kilio chake nakisikia mpaka barabarani.

Saa 1 asubuhi
Kukagua, kubishana bei, kubebesha. Mzigo ni mwingi kwa sababu tumetoka kwenye giza. Usiku usio na mwezi dagaa hufuata taa za wavuvi. Mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki, wavuvi wanapumzika, na huku kwetu biashara inapoa. Wenzangu wanazilalamikia siku hizo. Mimi nazipenda, maana ndizo ninazoshinda nyumbani, na maneno mengi aliyonayo mwanangu nimeyasikia kwa mara ya kwanza wakati wa mbalamwezi.

Saa 4 asubuhi
Chai na chapati, halafu napiga simu nyumbani. "Mama, umekula?" Kimya. "Umekunywa uji?" Kimya. Namsikia mama yake akicheka: mtoto anaitikia kwa kichwa, tena kwa nguvu, na anashangaa kwa nini narudia swali. Kisha nasikia kitu kinakwaruza simu. Ni andazi. Ananionesha.

Saa 7 mchana
Mke wangu ameleta ugali na sato, na mtoto yuko mgongoni. Hapa ndipo siku yangu inapokuwa tamu.

Mwaloni kuna makorongo, wale wakubwa wenye upara wanaozunguka wakisubiri mabaki ya samaki. Korongo mmoja anaweza kufika mita 1.5. Kwa binti yangu, chochote chenye manyoya na miguu miwili kinaitwa kuku. Alipoteremshwa tu, alimwona korongo amesimama karibu na magunia, akapiga kelele: "Kuku!" Halafu akakumbuka adabu. Bibi yake amemfundisha kusalimia kwa Kisukuma huku amepiga goti, basi akapiga goti pale pale kwenye vumbi la dagaa, akainamisha kichwa: "Aluka!" Yaani mwangaluka. Korongo akamtazama. Mtoto hakuinuka, alikuwa anasubiri kuitikiwa. Ikabidi kijana mmoja wa kubeba magunia aitikie kwa niaba ya korongo, kwa Kisukuma safi, ndipo mtoto akaridhika na kuja kula.

Jirani yetu mmoja anasema lugha mbili zitamchanganya mtoto. Sikubaliani naye hata kidogo. Usukuma yote imejaa watu waliokua na Kisukuma cha bibi na Kiswahili cha mtaani, na wanazungumza zote mbili vizuri. Mtoto anapanga mwenyewe. Kwa bibi anapiga goti, kwangu ananyoosha mikono abebwe.

Saa 10 jioni
Lori limeondoka, narudi nyumbani. Mtoto ameshika rimoti sikioni, mkono mwingine ameuweka nyuma ya mgongo, anazunguka uani kwa hatua ndefu: "Haloo! Ndoo! Ndoo ngapi? Aaa-aa!" Anatikisa kichwa, anakata simu. Mnunuzi gani huyo amekataliwa bei sijui, lakini sauti ni yangu kabisa. Sauti za midomo anazo zote, baba, mama, papai. "R" bado haijafika, kwa hiyo redio ni "yeyo". Kuelewa ndiko kumetangulia mbali. Namwambia alete kikombe cha bibi, na katika vikombe vyote vilivyoanikwa analeta cha bibi.

Saa 2 usiku
Silaha yake kuu ni "bado". Tumalize kuoga? Bado. Umeshiba? Bado, na sahani ni tupu. Leo ameongeza jipya. Nimeingia chandarua kumlaza, akanishika shavu, akasema: "Baba kaa." Maneno mawili, yamefuatana, na yote yananihusu. Nimekaa. Nimemwita mama yake aje asikie, akakataa kurudia.

"Haya, sema usiku mwema," mama yake akamwambia.

Akapiga goti juu ya godoro: "Aluka!"

Hiyo ni salamu ya asubuhi, lakini bibi yake aliitikia toka chumba cha pili bila kusita. Nami nalala sasa hivi, maana boti za Ukerewe hazimngoji mtu.