Nilivyoondoka Kigoma na Mume wa Mama Yangu

Mama yangu ana mume wa miaka sita. Anampelekea uji kitandani, anamfichia mgebuka wa kuchoma, na akikosewa adabu anamtishia talaka. Ni mwanangu wa pekee. Jioni moja ya mwishoni mwa Oktoba 2024, kwenye stesheni ya Kigoma, mama alinishika mkono akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu: "Mwalimu mzima unaninyang'anya mume mchana kweupe!" Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na mimi sikucheka, maana chini ya utani ule kulikuwa na ugomvi wa miezi mitatu.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma shahada ya umahiri ya Kiswahili pale TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ruhusa ya masomo nilipewa, mshahara ungeendelea kuingia, na ada niliichanga kwa kikoba na kwa mashina ya michikichi aliyoacha marehemu baba. Kila mtu aliona mambo yamekamilika: mimi niende shule, mtoto abaki kwa bibi. Ndivyo inavyofanyika kwetu, na watoto wengi wamekua hivyo wakawa watu. Mimi mwenyewe ni mtoto wa bibi. Mama alikwenda Tabora kusomea ualimu nikiwa na miaka mitatu, na aliporudi nilimwita dada. Iliwachukua muda mrefu kunifundisha kumwita mama, na hata leo nikishtuka usiku sijui huwa namwita nani.

Basi nikasema nakwenda na mwanangu. Mama akajibu neno moja tu: "Kimoja kitakushinda. Chuo au mtoto."

Wanaodhani kuhama na mtoto ni suala la nauli hawajakutana na kalenda. Shule ya msingi huanza Januari ikaisha Desemba. Chuo kinafungua kuelekea Novemba. Kwa hiyo mtoto wa darasa la kwanza unamng'oa wiki chache kabla ya mtihani wa kufunga mwaka. Mwalimu mkuu wake, ambaye tunafahamiana siku nyingi, alinitazama kama mzazi aliyeleta mtoto bila viatu. Barua ya uhamisho, sahihi ya afisa elimu, kisha jina la mtoto lihamishwe kwenye PReM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi. Lakini halihamishwi mpaka shule inayompokea ikubali, na shule niliyoipigia Dar ilitaka kwanza kumwona mtoto mwenyewe. Nikasafiri na mtoto ambaye kwa karatasi alikuwa njiani, si wa huku wala wa kule.

Basi lingetufikisha mapema zaidi, ila huyu kwenye basi anatapika. Isitoshe, alikuwa amekubali kumwacha bibi kwa sharti moja: apande treni ya umeme. Treni ya umeme haifiki Kigoma. Nikapanga tuanze na reli ya zamani, ile ya Wajerumani iliyofika ziwani mwaka 1914, mpaka Dodoma, halafu tumalizie na SGR, ndiyo hiyo ya umeme.

Daraja la pili la kulala, chumba cha wanawake, vitanda sita. Kitanda kilichotazamana na chetu kilikuwa cha mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa na mawese, mwenye madumu mpaka chini ya miguu yetu. Treni haijapita Luiche alishanihoji. Naenda wapi, kusoma nini, kwani ualimu si nilishausomea? Na baba wa mtoto?

"Yupo," nikasema.

"Yupo wapi?"

"Yupo tu."

Akaguna, akamega kipande cha mkate akampa mtoto. Habari za baba yake zinaishia hapo. Hata maishani hazikuwa ndefu.

Usiku ulipoingia akanionyesha jambo ambalo hakuna mwongozo wa chuo unaoliandika. "Chukua kanga, funga mguu wake na wako. Akishuka, utajua. Wangu watatu nimewalea kwenye mabehewa haya haya." Nikafunga. Nikawasha tochi ya simu, nikatoa makala nilizokuwa nimezichapa ili nifike chuoni na fununu ya pendekezo la utafiti. Kila nilipoanza aya, mguu ulivutwa. Ana kiu. Anataka dirisha. Anataka kujua kama treni ina breki. Uvinza tulipita mtu akipita na mifuko ya chumvi chini ya madirisha, na mpaka tunavuka Malagarasi gizani nilikuwa bado ukurasa wa pili.

Tabora tulifika asubuhi, tukaambiwa tutasubiri mabehewa ya kutoka Mwanza. Kusubiri huko si kwa kuangalia saa. Watu walishuka wakapiga mswaki, wakanunua chai, wakabishania bei ya asali iliyopangwa kwenye chupa za maji na za soda. Mwanangu akasimama kwenye jukwaa, mikono kiunoni, kama mkaguzi.

"Bibi alisoma hapa?"

"Hapa hapa Tabora."

"Mpigie."

Nikampigia. Wakaongea mambo yao ya ndoa, amekula, amelala, nani anamnyima nini. Kisha mtoto akanirudishia simu, na mama akaniuliza kama ile stesheni bado ina kile kibaraza cha mbele. Nikasema kipo.

"Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nasimama hapo," akasema. "Nilikuwa nawabembeleza wafanyakazi wa treni wanifikishie kifurushi Kigoma. Wengine walikuwa waaminifu, wengine walikula. Ile sketi ya bluu yenye mistari, ilifika?"

Sketi ile naikumbuka mpaka kifungo chake. Niliivaa ikawa fupi, ikashonwa kipande cha chini, nikaivaa tena. Miaka yote nilijua kanunua bibi.

"Ilifika," nikasema.

"Basi ilikuwa mikono salama," akasema, akanikumbusha nisimnunulie mtoto mayai ya barabarani, akakata simu. Mama wa dagaa alikuwa pembeni yangu anaonja asali kwa ncha ya kidole. Hakuuliza kitu. Ni mara pekee safari nzima.

Mchana ulikuwa mrefu na wa vumbi. Baada ya Itigi kila kitu kilikuwa na rangi moja, miti, nyumba, na sisi. Saranda tukanunua kuku, wa kienyeji kweli, mgumu kama hoja ya mpinzani. Dodoma tukaingia usiku, mtoto mgongoni, mabegi mbele, na mama wa dagaa, ambaye yeye alikuwa anaendelea na treni ile ile, akinipigia kelele dirishani: "Mizigo! Ile ya umeme haibebi hovyo! Peleka na basi!"

Alisema kweli. Daraja la kawaida la SGR mwisho ni kilo 20 kwa abiria, na sisi tulikuwa tumehama, hatukuwa tumekwenda harusini. Asubuhi pale gesti nikamwaga kila kitu sakafuni. Nguo zetu, sare ya shule, vyeti, kompyuta: hivi tunaondoka navyo. Kamusi mbili, sufuria, dumu la mawese na ndoo ya dagaa ambayo mama aliifunga mwenyewe kwa gundi ya karatasi raundi nne: hivi vikaenda stendi, vikaandikwa jina langu kwa kalamu ya wino mzito, nikampa kondakta hela yake na kumwomba namba. Nikiwa napanga, nilimfikiria mama kwenye kile kibaraza, na wafanyakazi wa treni wanaomwitikia ndiyo, ndiyo.

Tiketi yangu shilingi 31,000, ya mtoto nusu. Alikagua kiti, akakagua dirisha, akauliza moshi uko wapi. Treni ikaondoka bila kutikisika, na mwendo wake unafika kilomita 160 kwa saa. Ngojea sasa mahandaki, nikamwambia, yako karibu na Kilosa, humo giza linaingia mchana. Aliyangoja kwa dakika ishirini. Halafu akalala, mdomo wazi, akalala Gulwe, akalala Kilosa na mahandaki yake yote, akalala Morogoro. Treni iliyomfanya amwache bibi, mgebuka na kitanda chake aliimaliza amelala kifudifudi pajani pangu.

Nami nikasoma. Makala mbili nzima, na kalamu mkononi. Naiandika hii ni mwezi wa tano, nimeshawasilisha semina nikiwa na mtoto mwenye mafua mstari wa nyuma, nimeshaulizwa na mhadhiri kama huyo naye amesajiliwa, lakini kusoma kwa raha kama kule baina ya Kilosa na Pugu sijakupata tena.

Dar sitaieleza sana, wengi mnaijua. Bajaji kutoka stesheni mpaka Changanyikeni, nyuma ya chuo, ilikuwa na joto na mahesabu. Dalali alitaka hela ya kutuonyesha vyumba, kisha kodi ya mwezi mmoja iwe yake, na wenye nyumba walitaka miezi sita kwa mkupuo. Wa kwanza aliuliza kama nina mume. Wa pili hakutaka mtoto. Wa tatu, bibi mmoja anayekaanga maandazi kibarazani, alimtazama mwanangu, akamtazama vizuri, akasema, "Huyu mume wangu mbona amekonda?" Mtoto akasimama wima kama aliyeitwa kwa jina. Nikalipa.

Mizigo tuliifuata siku ya pili stendi ya Mbezi. Ilifika yote. Dumu lilikuwa limevuja, na kamusi moja mpaka sasa ina kurasa za rangi ya machungwa kuanzia M, nazo zinanukia kwetu. Ndoo tuliifungulia sakafuni. Chini kabisa ya dagaa kulikuwa na mfuko wa nailoni, ndani yake bahasha iliyoandikwa jina la mwanangu kwa ule mwandiko wa ualimu wa zamani, wa kuunganisha. Yeye bado hasomi mwandiko huo, akanipa nimsomee.

"Mume wangu, hii ni nauli ya kurudi wakikuchosha. Usimwonyeshe mama yako."

Alizihesabu mara mbili, noti moja moja, juu ya goti. Elfu kumi na tano.

"Inafika Kigoma?"

"Kwa treni yako ya umeme haifiki hata Dodoma," nikamwambia. "Imepungua mia tano."

Akafikiri kidogo, akaninyooshea mkono.