Mwiba wa mbuta

Jumatatu moja mwaka 2019, Mama alidungwa kidole na mwiba wa mbuta akipara samaki pale Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria huko Kisumu. Alikinyonya, akakiosha kwa maji ya chumvi, akaendelea na kazi. Alhamisi usiku alitetemeka hadi kitanda kikalia.

Kliniki ya karibu walimpa dawa za malaria bila hata kumtoa damu. Huku kwetu kando ya ziwa, mtu akishikwa na homa, wa kwanza kushtakiwa ni mbu. Hadi leo jambo hilo linaniuma.

Ijumaa asubuhi Mama aliniita kwa jina la dada yake, marehemu. Alikuwa anahema kama aliyepanda mlima. Tukamkimbiza hospitali kwa tuktuk.

Daktari alimbonyeza ukucha, akauachilia, akangoja. Weupe ulichelewa kuondoka. Damu ikachukuliwa, nyingine ya kuotesha vijidudu, na hapohapo antibiotiki ikaingia mshipani. "Dada, majibu ya kuotesha ni siku kadhaa," akaniambia. "Mama hana siku hizo."

Malaria haikuonekana. Laktati, kemikali inayojaa damuni mwili ukikosa oksijeni, ilikuwa 4.1, na ikipita 2 madaktari huanza kuhofia kwamba viungo havipati damu ya kutosha. Kisha prokalsitonini, protini inayopimwa kwenye damu: nanogramu 14 kwa mililita, wakati mtu mzima wa afya hafiki hata 0.1. Daktari alinieleza kwamba hiyo hupanda ndani ya saa chache bakteria wakiuvamia mwili, na dawa zikishika, hupungua karibu nusu kila siku. Hata malaria kali huweza kuipandisha, ndiyo maana alitaka majibu yote mawili. "Lakini usiitazame namba peke yake. Mtazame anavyopumua."

Jioni wakampasua kidole. Sikujua kidole kinaweza kubeba usaha mwingi vile.

Nilikuwa na daftari lake la madeni ya samaki mkobani, nikawa naandika humo. Ijumaa 14. Jumapili 5.2. Kipimo chenyewe kilikuwa ghali, hawakukirudia kila siku, na ile Jumamosi isiyo na namba nilihesabu pumzi zake mpaka macho yakaniuma. Jumanne 1.6. Imeshuka zaidi ya asilimia 80, daktari akasema, sasa tupange siku ya kusimamisha antibiotiki.

Mama aliomba daftari lake. Akapitisha kidole kizima juu ya namba zangu, akauliza, "Huyu wa 14 ni nani, na mbona hajamaliza kulipa?"