Steringi Yuko Wapi?

Jana nilimwekea mama filamu ya Kihindi. Yeye kazoea za Amitabh na Dharmendra, mimi nikamletea Peepli Live ya 2010. Dakika kumi tu: "Steringi yuko wapi?" Namwonyesha Natha, mkulima mfupi, kapauka, macho kama kaamshwa usingizini. "Huyu?!"

Huyo ndiye. Omkar Das Manikpuri, mwigizaji wa jukwaani kutoka jimbo la Chhattisgarh huko India, watu walikuwa hawamjui. Mtayarishaji alikuwa Aamir Khan, steringi mkubwa wa India, ila hata sekunde moja humwoni.

Shamba la Natha linataka kupigwa mnada kwa deni la benki. Yeye na kaka yake wanasikia serikali hulipa rupia laki moja kwa familia ya mkulima aliyejiua (neno laki lenyewe tumelitoa kwao). Kaka mtu anamsukumia mdogo wake hiyo kazi ya kufa! Magari ya televisheni yanajaa kijijini. Natha akienda msalani, mtangazaji anakimbilia kuchambua kinyesi chake mbele ya kamera. Mama alicheka hadi akavua miwani.

Sijui alinyamaza saa ngapi. Kuna mzee mmoja mwembamba, Hori Mahato, kila siku anachimba udongo auze, maana ardhi yake ilishakwenda. Anafia humo shimoni. Kamera zote ziko kwa Natha.

Maofisa nao wanamletea Natha pampu ya maji, wanaitua mlangoni na kuondoka. Hela ya kuifunga haimo.

Asubuhi nipo napiga mswaki, mama ananiuliza: "Na ile pampu, waliifunga?"