Siku moja kwenye boila la kiwanda cha karatasi

Saa 12 asubuhi. Napokea zamu, mwenzangu wa usiku ananiambia tu presha iko poa ila magome yamelowa. Basi asubuhi ishaharibika, maana magome mabichi yakiingia kwenye boila moto mwingi unaishia kuyakausha yenyewe kabla hatujapata mvuke wa maana.

Saa 1. Nazunguka boila kubwa, lile la maji meusi. Kwa asiyejua: mti ukipikwa na dawa ili zibaki nyuzi za karatasi, karibu nusu yake inayeyukia kwenye maji, lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mti, karibu yote iko humo. Yakitoka hayawaki, yabisi, yaani kile kisicho maji, ni kama asilimia 15 tu, tunayachemsha mpaka yafike 70 na kitu halafu ndo tunayapuliza ndani ya boila. Yanawaka, mvuke unapatikana, na chini inabaki dawa iliyoyeyuka ambayo inarudi kupikia tena. Sasa maji yakigusa hiyo dawa ya moto ni mlipuko, kwahiyo bomba likivuja ndani humo hatubishani, tunazima na kutoka mbio.

Saa 3. Kikao. Wa ofisini wanataka sola juu ya paa. Sawa, waweke, picha zitapendeza, lakini njaa ya kiwanda cha karatasi ni joto bwana, sio taa! Mvuke wetu unapita kwanza kwenye turbaini unazalisha umeme, ukishapungua presha unaenda kukausha karatasi. Mvuke mmoja, kazi mbili.

Saa 5 karatasi inakatika kule kwenye mashine. Hapo vikaushio havihitaji mvuke tena ghafla, ila boila halijui hilo, linaendelea kuwaka, presha inapanda, mimi napunguza magome huku nafungua valvu mvuke unatoka juu ya paa. Inaniuma kila mara. Wakishaunganisha karatasi wanapiga simu wanataka mvuke wote sasa hivi, kana kwamba niliuweka kwenye ndoo.

Saa 8 naenda mashineni. Rojo la nyuzi linaingia likiwa maji asilimia 99 hivi, mengi yanachuruzika na kunyonywa, presi inakamua, karatasi inatoka presi bado karibu nusu ni maji. Hayo yaliyobaki ndiyo yanayokula mvuke. Ni kama nguo, ukiikamua vizuri jua linakuwa na kazi ndogo. Pointi moja tu ya asilimia ya ukavu kwenye presi inaokoa kama asilimia 4 ya mvuke wa kukaushia, na hakuna anayeipigia makofi kwasababu haionekani kwenye picha.

Saa 10 kijana wa mafunzo anauliza si bora tutumie karatasi chakavu tupu? Nishati kwa jumla inapungua kweli, namwambia, ila chakavu haina maji meusi, kwahiyo mvuke wote utautafutia kuni au gesi ya kununua. Alinyamaza kidogo, akauliza na tanuru la chokaa je, lile la kuchomea chokaa ya kutengenezea upya dawa ya kupikia. Kijana yuko makini huyu! Letu bado linakunywa mafuta mazito. Kule Äänekoski, Finland, kiwanda kilichofunguliwa 2017 wanageuza magome kuwa gesi ya kulishia tanuru, na umeme wanabaki nao wa kuuza.

Saa 12 jioni. Nimeandika kwenye kitabu cha zamu: kitambaa cha presi, kile kinachonyonya maji ya karatasi, kimechakaa, kibadilishwe tukisimamisha mashine. Ombi hilo hilo liko pia ukurasa wa nyuma, kwa mwandiko wa mtu mwingine.