Onyo la dhoruba na simu za kabambe

Natengeneza simu Kibuye, hapa Kisumu, na nyingi ninazofungua ni kabambe, zile simu ndogo za vitufe, za wavuvi, zimeingia maji ya ziwa. Basi watu wakianza habari za maonyo ya hali ya hewa, mimi huwaza simu kwanza.

Ujumbe mfupi wa kawaida hutumwa namba kwa namba. Mtandao ukilemewa, unachelewa. Kuna njia nyingine: mnara wenyewe unatangaza, na simu zote zilizo chini yake zinapokea kwa pamoja, hata namba zenu zisijulikane na mtu. Kwa onyo kali, simujanja nyingi hulia hata zikiwa zimenyamazishwa. Wajapani walianza kuitumia kwa dharura mwaka 2007.

Hiyo ndiyo ingetufaa huku. Dhoruba za Ziwa Viktoria hupenda usiku hadi alfajiri, nchi kavu ikishapoa na ziwa likiwa bado na joto, na saa hizo ndizo wavuvi wa omena wako majini na taa zao. Nani atafungua tovuti ya utabiri akiwa ameshika wavu?

Shida ni kwamba kwenye kabambe kadhaa mpangilio wa kupokea matangazo hayo ya mnara umefichwa ndani kabisa ya menyu, tena umezimwa. Na shangazi yangu wa Ahero, ambako Mto Nyando hufurika, Kiingereza hasomi. Mwandikie Kijaluo atahama mapema.

Mpangilio nawawashia wateja bure. Kukausha simu, tutaelewana bei.