Siku moja maishani mwangu: mshika mkia wa ziara ya machweo, Rhodes

Niseme mapema: mimi si mwongoza watalii. Hapa Ugiriki kuongoza watalii ni kazi ya leseni. Mtu anaisomea, anapata kitambulisho, na asiye nacho haruhusiwi kusimama mbele ya ukuta wa kale akaanza kueleza. Mimi ni yule anayetembea nyuma kabisa ya kundi, mwenye begi kubwa na kibendera kidogo. Wenye kazi wananiita msaidizi. Mwenyewe najiita mshika mkia. Natoka Tanga, niliolewa huku, nikaanza kwa kutandika vitanda hotelini, na sasa msimu wote wa joto nahesabu vichwa vya watu.

Ndugu wa nyumbani wakiona picha zangu wanasema nakula raha kisiwani. Haya, njooni tutembee.

Saa 4 asubuhi. Naamka. Msiseme nimechelewa, nimelala saa 8 usiku. Chai, kufua, kumpeleka mtoto kwa bibi yake. Hapo sina la kusimulia.

Saa 8 mchana. Ofisini, kujiandaa. Julai hapa jua halina adabu. Wimbi la joto likizidi, serikali hufunga magofu saa za mchana; mwaka 2023 hata Akropoli ya Athens ilifungwa hivyo. Ndiyo maana ziara za jioni zina wateja. Nachomeka redio za masikioni kwenye chaji, napangusa kila moja kwa spiriti, nazipanga kwa namba. Mwongozaji anazungumzia kipaza sauti na kila mgeni anamsikia sikioni bila kelele za mtaani. Redio ikipotea, maswali yanaanzia kwangu. Begini natia plasta, maji, betri za akiba, peremende za mtu wa sukari, na kofia mbili, maana hakukosi anayekuja kichwa wazi.

Saa 11 na nusu jioni. Tunakutana uwanja wa Mashahidi wa Kiyahudi, upande wa mashariki wa mji mkongwe, penye chemchemi ya sanamu za farasi wa baharini. Wageni 19. Mwongozaji wetu, ambaye sote tunamwita Kyria kama Wagiriki wanavyomwita mama wa heshima, anaanza kuwakaribisha. Mimi nagawa redio. Redio namba 14 nampa bwana mmoja mwenye kofia ya ukili, na kabla hajaivaa ananionyesha picha kwenye simu.

"Haya majumba tutafika saa ngapi?"

Naangalia. Nyumba nyeupe pe, makuba ya bluu, bahari chini. Hiyo ni Santorini. Kisiwa kingine kabisa, huko mbali upande wa magharibi, safari ndefu ya meli. Namweleza kwa upole kwamba Rhodes ni mji wa mawe ya rangi ya mchanga, kuta zake zina urefu wa kama kilomita nne, UNESCO waliutia kwenye orodha yao ya urithi wa dunia mwaka 1988, na hautamkosesha raha. Akanitazama kama kwamba nyumba nyeupe ninazo na nimezificha. Mkewe akasema, "Nilikwambia." Nikajua jioni itakuwa ndefu.

Kituo cha kwanza ni palepale uwanjani, na ndicho ninachokipenda ingawa ndicho kizito. Mtaa huu ulikuwa wa Wayahudi wa Rhodes. Sinagogi yao ya Kahal Shalom, ya mwaka 1577, iko kichochoro cha jirani na ndiyo kongwe kuliko zote zinazotumika Ugiriki. Tarehe 23 Julai 1944 Wajerumani waliwapakia melini watu zaidi ya 1,600, wakaishia Auschwitz, kambi ya mauaji. Walionusurika ni kama 150. Kyria anapofika hapo hushusha sauti, na hata wenye simu huzishusha.

Kuna jambo ambalo hana muda wa kulieleza, basi nawaambia nyinyi. Miaka ya kabla ya vita vijana wengi wa mtaa huu walihama kutafuta maisha, na wengi wakaangukia Kongo ya Wabelgiji, Katanga hasa. Baba yake Moïse Katumbi, yule aliyekuwa gavana wa Katanga, Nissim Soriano, alitoka hapahapa. Watoto na wajukuu wa wahamiaji hao huja kila Julai kuwakumbuka ndugu zao. Msimu mmoja bibi mzee sana, mzungu kabisa, alinisikia nikizungumza na mama kwenye simu. Akanijia na fimbo yake akaniambia, "Jambo mama, habari ya kwenu?" Kiswahili cha Lubumbashi, safi. Alizaliwa kule. Tulikaa kwenye ukingo wa chemchemi, akaniuliza kama Tanga bado kuna embe nzuri.

Saa 12 na robo. Uwanja wa Ippokratous. Hapa ndipo mji unapojaa: mikahawa, watu wa meli za kitalii, vijana wa menyu wanaokuita kwa lugha saba, pikipiki zinazopenya mahali ambapo mbuzi angesita. Mama mmoja redio yake imezimika. Nainama kumbadilishia betri. Nainuka, nahesabu. Kumi na nane.

Nahesabu tena kuanzia mbele. Kumi na nane. Kofia ya ukili haipo.

Mkewe hata hakushtuka. "Atakuwa ameona duka," akasema, akaendelea na kundi. Simu ya mumewe ilikuwa kwenye mkoba wa mke mwenyewe. Redio nayo haifiki mbali. Ukikata kona mbili unasikia mikwaruzo tu. Namwonyesha Kyria vidole vitatu, ishara yetu ya kwamba mmoja kapotea, endelea nitawakuta. Kyria anakunja uso na kuondoka nao kuelekea Mtaa wa Mashujaa wa Msalaba, wale wapiganaji wa Kikristo waliotawala kisiwa kabla ya Waturuki; wenyewe wanauita Ippoton. Mimi nageuka Sokratous.

Kwa asiyeujua, Sokratous ni barabara ya soko inayopanda kutoka Ippokratous hadi msikiti wa Suleiman. Duka juu ya duka: dhahabu, mikoba ya ngozi, makoti ya manyoya (katika joto hili!), sponji za baharini, miavuli, sabuni ya mafuta ya zeituni. Na kila mlango una mtu wa kukukaribisha. Nami napanda nikichungulia ndani ya kila duka, jasho linanitiririka, namuuliza kila muuzaji kwa Kigiriki changu cha Kitanga: mzee, kofia ya ukili, shati la maua, umemwona? Wananijua. Mmoja anasema juu, mwingine anasema chini. Wa tatu ananipa maji ya baridi bila kuulizwa, Mungu ambariki.

Nikamkuta karibu na mwisho wa mtaa, kwenye duka la makubadhi ya ngozi. Amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja una kiatu chake, mwingine una kubadhi jipya, mkononi kikombe cha kahawa alichopewa na mwenye duka. Redio namba 14 inaning'inia shingoni.

"Bwana, kundi limekwenda."

"Subiri kidogo. Huyu anakaribia kushusha bei."

Mwenye duka akanitazama kwa jicho la kuomba radhi. Bei ilikuwa imeshashuka zamani, mgeni ndiye aliyekuwa hajachoka. Ikaja hesabu ya chenji. Ikaja hoja ya rangi: kahawia au kahawia nyeusi. Akataka kuvaa jipya palepale na vile viatu vya zamani vitiwe kwenye mfuko. Mfuko nikaubeba mimi, sijui ilikuwaje.

Saa sasa ilikuwa ni saa 1 na dakika kumi jioni, na hapa lazima niwaeleze kitu. Julai jua la Rhodes linatua saa 2 na dakika 20 hivi, usiku. Ndiyo, usiku. Wakati wa kiangazi saa za Ugiriki na za Afrika Mashariki zinalingana, kwa hiyo hapa jua likiwa bado juu, Tanga mama yangu ameshawasha taa na anajiandaa kuswali Isha. Kundi linapaswa kutoka lango la d'Amboise saa 1 na nusu ili lipande kilima cha Monte Smith kwa miguu na kuwahi. Jua nalo halina mwenye duka wa kubembelezana naye.

Nikamwambia twende njia ya juu, tutawadaka langoni. Hatua ishirini, akasimama. Msikiti wa Suleiman, kuta zake za waridi. Ulijengwa baada ya Waturuki kuuteka mji mwaka 1522 na ukajengwa upya 1808. Akaelekeza kidole kwenye kuba.

"Hili ndilo la bluu?"

Halikuwa la bluu. Akalipiga picha hata hivyo, kutoka pembe nne.

Tukapita mnara wa saa. Akaniuliza lile jitu kubwa la shaba, sanamu ya kale iitwayo Kolosasi, lilisimama wapi, maana amesikia lilitanua miguu juu ya bandari na meli zikipita katikati. Hapo ulimi uliniwasha. Najua jibu. Najua lilikuwa na urefu wa kama mita 33, tetemeko lililiangusha mwaka 226 KK, na hiyo hadithi ya kutanua miguu ni ubunifu wa watu waliokuja karne nyingi baadaye. Mahali hasa liliposimama hapajathibitishwa. Najua kwamba lile jumba la Mabwana Wakuu, viongozi wa mashujaa wa msalaba, lililokuwa mbele yetu si lote la zama za mashujaa hao. Baruti ililipuka mwaka 1856 ikalibomoa, na Waitaliano walioshika kisiwa tangu 1912 wakalijenga upya miaka ya 1937 hadi 1940. Nimesikia maelezo hayo jioni baada ya jioni, tena kutoka kwa mwongozaji bora. Lakini sina leseni. "Muulize Kyria," nikasema, "atafurahi." Hakufurahi, nitawaambia.

Langoni kundi lilikuwa limeshavuka daraja la handaki. Handaki lenyewe halina maji, limejaa nyasi na yale mawe ya mviringo ya kurushia maadui. Kutoka hapo ni mlima: lami, magari, majengo ya kawaida ya mji mpya, hakuna cha kupiga picha. Kwangu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu hapa ndipo miguu huanza kusema. Mama wa betri anapumua kwa shida, nampa mkono. Kijana mmoja anataka choo. Na Bwana Kofia, nusu ya njia, anaketi kwenye ukingo wa ukuta na kuvua kubadhi. Lengelenge kisiginoni.

Nikapiga goti barabarani nikamtia plasta. Nikatoa viatu vyake vya zamani mfukoni nikamvalisha, kubadhi nikalirudisha kwenye karatasi lake. Alisema neno moja tu: "Ngozi yao ngumu." Nikamwambia italainika. Huyo mama wa betri, aliyekuwa anahema pembeni, akanikonyeza, na sikufichi msomaji, jicho lile lilinipa nguvu za kumalizia kilima.

Tulifika tukiwa wa mwisho, mimi, Bwana Kofia na mama wa betri. Huko juu kuna nguzo zilizobaki za hekalu la Apollo, chini yake uwanja wa kale wa michezo, na kilima chenyewe kina jina la Sidney Smith, amiri wa Kiingereza. Magharibi bahari tupu, kisha kisiwa cha Symi na milima ya Uturuki. Jua lilikuwa limeshazama nusu.

"Limeanza bila sisi?" Bwana Kofia akauliza. Kisha akamfuata Kyria, akamweleza kwamba ziara haikupangwa vizuri, kwamba hakuona nyumba nyeupe, na kwamba kuhusu Kolosasi msaidizi alikataa kumjibu. Kyria alimsikiliza akitazama bahari. Akamjibu kwa Kiingereza laini mno, na mimi nikamsikia chini ya pumzi akimalizia kwa Kigiriki neno ambalo siliandiki hapa.

Watu wakapiga makofi lilipozama. Wanapiga kila siku, kama kwamba Kyria ndiye aliyelizamisha.

Mama yangu akapiga simu kutoka Tanga. "Umekula?" Bado. "Kumekucha au kumechwa huko?" Ndiyo kwanza limezama, mama. "Saa hizi! Nchi gani hiyo mwanangu." Shikamoo nyingine, akakata kuokoa salio.

Wageni wakaanza kutawanyika, wengine kwa basi, wengine kwa teksi. Nikapokea redio, nikazitia kwenye mifuko yake kwa namba. Kumi na tatu ipo. Kumi na tano ipo. Nikainua kichwa: teksi ya Bwana Kofia na mkewe ilikuwa inakata kona chini.

Hoteli yao ninaijua, iko upande wa pili wa mji. Basi la mwisho linalonifaa lilikuwa limepita, nikatembea. Kijana wa mapokezi akapiga simu chumbani, akasikiliza, akaitikia ndiyo, ndiyo, akaweka. Bwana ameshalala, lakini mkewe anashuka.

Akashuka na redio, kamba imezungushwa vizuri. Akaniomba radhi kwa niaba ya jioni nzima. Halafu akauliza kama lile duka hubadilisha makubadhi, maana yamembana, na kama kesho ningeweza kumpitia mumewe kumwonyesha njia. Nikamwambia duka linafunguliwa saa 3 asubuhi, Sokratous, karibu na msikiti wa waridi, na kwamba saa hiyo mimi nitakuwa nimelala.